Siumwi

Bibi mmoja alifika kwetu baada ya alasiri, akapiga hodi moja tu na kuingia uani bila kungoja karibu. Nilikuwa naanua nguo. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akafungua pindo la kanga pale wazee wetu wanapofunga fedha ya mkononi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee tena, mwanangu."

Nikamsomea. 186 kwa 104. Wino wa buluu, mwandiko safi wa mtu asiye na haraka, na chini ya namba kumechorwa uso mdogo unaocheka.

"Hiyo nshaisikia. Wanarudi lini kuja kunambia nifanyeje?"

Wale wanafunzi wa Kimarekani waliompima walikuwa washaondoka, wiki ya tatu hiyo. Washapanda boti Mkoani, washafika Unguja, washaoga bahari ya Nungwi siku mbili, washaruka kwao. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Mimi ndiye niliyemwambia siku ile, "Presha yako iko juu kidogo, bibi, itabidi uende hospitali," kwa sauti ileile niliyomwambia nayo kila mtu kila kitu, kisha tukahamia nyumba ya pili.

Kidogo.

Neno hilo mwanafunzi hakulisema. Nililitia mwenyewe.

Nimeianza makala hii mara nne na mara nne nimeifuta, maana kila nikiianza inakuwa makala ya kuwasema Wazungu, na hiyo ni rahisi. Nyote mnaijua na mngenipigia makofi.

## Siku 11

Walikuwa wanafunzi 12 wa chuo kikuu kimoja cha Marekani na mwalimu wao. Somo lao lilihusu umaskini na afya. Nusu walilisoma darasani kwao, nusu walikuja kulimaliza kwetu, huku kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni. Kwao safari kama hiyo inahesabiwa kwenye masomo: unatoa huduma kijijini, unaandika ulichojifunza, unapata alama. Kibali cha kuzunguka majumbani na kuuliza maswali walikuwa nacho, sheha aliwapokea, kila mhuri ulikaa mahali pake.

Habari ya ukuta wa skuli uliopakwa rangi na wageni sitaieleza. Mnaijua, na huenda skuli ya kwenu ina ukuta kama huo.

Nililipwa shilingi 60,000 kwa siku na chakula cha mchana. Mama yangu, kwa mwani wake, hajapata kushika kwa mara moja fedha niliyoishika mimi ile siku ya mwisho. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue naongea nikiwa nimekaa wapi.

Na niliwapenda. Walivaa magauni marefu bila kuambiwa mara mbili, walikula muhogo wa nazi kwa mkono, na kuna mmoja aliyejifunza shikamoo kwa bidii mpaka akamwamkia mtoto wa miaka sita, na mtoto akamjibu marahaba kwa uso mkavu kama sheha. Tulicheka njia nzima. Ningekuwa nimekutana na watu wabaya ningelala vizuri zaidi.

Mashine ya presha ilitoka kwenye begi siku ya tatu. Mpaka hapo tulikuwa tunauliza tu: maji mnachota wapi, choo ni cha aina gani, jana mlikula nini. Nadhani walichoka kuuliza na kuondoka mikono mitupu. Mwalimu wao aliwaambia waliojifunza kupima wanaweza kupima. Sikumwuliza wamejifunza wapi na kwa siku ngapi. Kazi yangu ilikuwa kufasiri, na mkalimani anayeuliza maswali yake mwenyewe haitwi tena mwaka wa pili.

## Nilivyouliza

Fomu ilikuwa na swali moja refu, la kama mtu amewahi kuambiwa na daktari au muuguzi kwamba ana presha ya juu.

Nyumba ya kwanza nililisema lote. Nyumba ya pili vilevile. Kufika nyumba ya tano, jua la saa sita, koo limekauka, nikalikata. Nikawa nauliza: "Umewahi kuumwa presha?"

Bibi wa ile karatasi alikuwa ndiyo kwanza atue mzigo wa kuni. Akajifuta jasho kwa kanga, akakaa jamvini, miguu ameikunja, akanyoosha mkono na mkono wa gauni ukiwa palepale. Binti mmoja wa wale wanafunzi akamfunga mkanda wa mashine juu ya nguo. Mashine inaunguruma, mimi namsemesha, yeye ananijibu.

"Umewahi kuumwa presha, bibi?"

"La. Mie siumwi."

Binti akatia alama: hapana.

Mnaosoma hapa mnaona lilipo tatizo, mie siku ile sikuliona. Sisi tunaumwa kichwa, tunaumwa homa, tunaumwa tumbo. Ukisema umwa, umesema kitu kinachokulaza kitandani. Presha haimlazi mtu mpaka siku inapomwangusha. Bibi alinijibu kweli tupu: hakuna kilichokuwa kinamuuma. Swali la fomu halikumfika. Lilimfika swali langu, akalijibu langu, na jibu likaandikwa chini ya lile la fomu.

Siku ya mwisho tulikusanyika skuli. Wanafunzi wakaonyesha picha na michoro ukutani, mimi nimesimama pembeni nafasiri. Mchoro mmoja ulisema kwamba karibu wote waliokutwa na presha ya juu hawakuwa wakijua kuwa wanayo. Nikalitamka kwa Kiswahili, kwa fahari kidogo hata. Sheha akatikisa kichwa kwa masikitiko. Watu wakasema, "Masikini." Bibi alikuwa safu ya pili, miongoni mwa wanawake, anasuka ukili wake.

Mchoro ule niliuchora mimi. Rangi tu ndiyo ilikuwa yao.

## Swali lililobakia kwangu

Kuna jambo jengine la siku ile, nalo nimelificha mpaka kwa mama.

Mkanda ulipofunguliwa na namba kuandikwa, bibi alimtazama yule binti muda mrefu. Umri wake kama miaka 19, nywele fupi, mikono inatetemeka, maana namba ilikuwa imemtisha zaidi yeye kuliko mwenye mkono. Kisha bibi akanigeukia.

"Muulize. Na huko kwao, mabibi zao wanapimwa na vitoto kama hivi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu kabla hajakichukua.

Nami nikafanya hesabu ya haraka ambayo kila mkalimani anaijua. Nikilifikisha, binti ataumia. Mwalimu wake atasikia. Bibi ataonekana hana adabu kwa wageni, na sisi watu wa Pemba, mgeni akija kwetu tunampa hata kitanda. Na mie nina siku nane zaidi za kulipwa.

Nikamwambia binti: anauliza kama una bibi.

Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akatoa simu, akamwonyesha bibi picha ya mwanamke mzee mwenye miwani, amekaa jikoni, nyuma yake dirisha lenye theluji. Akasema anampenda sana, kila akirudi nyumbani wanakaa pamoja jikoni. Nikafasiri. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama picha, akarudisha macho kwa binti, akatabasamu. Wakashikana mikono. Mwenzao mmoja akapiga picha, na picha ile najua imependwa na watu wengi sana, kwa sababu niliipenda na mimi.

Bibi alidhani amejibiwa.

Alidhani binti amesema, "Ndiyo, na mimi nampima wangu, huyu hapa, jikoni kwake." Ndiyo maana akaichukua karatasi. Ndiyo maana aliitunza kwenye pindo pamoja na fedha yake. Hili nililijua siku alipokuja na mbuzi ya nazi akaikalia, aliposema, "Yule mtoto anampima bibi yake mwenyewe, hawezi kunidanganya mie."

Nilisimama na nguo mkononi, sina la kumwambia.

## Kisiwa cha vikopo

Watu wa nje wakiandika juu ya safari hizi, huandika kana kwamba kijiji hakijapata kuona kifaa. Pemba hii? Bibi yule, kwa umri wake, ameonwa na Wachina, maana madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu miaka ya 1960 na pale Abdalla Mzee, Mkoani, watu wamewazoea mpaka majina. Nyumba yake imepuliziwa dawa ya mbu mara asizozikumbuka. Ametia dole gumba kwenye karatasi nyingi kuliko alizowahi kutia benki, na benki hajaenda.

Sisi wa umri wangu tulikua na vikopo. Kichocho cha kwetu ni kile cha mkojo. Konokono wake anakaa kwenye vijito na madimbwi tunayofulia na kuogea. Mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, na minyoo na kichocho ndiyo kazi yake kubwa. Basi skuli tukapewa kikopo kimoja cha mkojo, siku nyengine kimoja cha choo, na kuna mtoto wa darasani kwetu aliyekuwa anawajazia wenzake waliobanwa na haya kwa malipo ya andazi. (Kama matokeo ya darasa letu yaliwashangaza wataalamu, sasa wajue.) Halafu tunasimamishwa kwenye kijiti cha urefu: ukifika alama hii vidonge viwili, ukifika ile vitatu, meza hapahapa mwalimu akuone.

Kwa hiyo sikushangaa kwamba wanafunzi wale walisoma habari za Pemba kabla hawajaja. Nilishangaa walichokisoma.

Usiku mmoja tumekaa barazani, mmoja wao, kijana mpole aliyekuwa haachi kuandika, akaniuliza kama watu huku bado wanauzungumzia ule utafiti wa madini ya chuma. Nikamuuliza utafiti upi. Akanitazama akidhani namtania.

Akanieleza, baadaye nikautafuta na kuusoma mwenyewe. Kuanzia 2002 maelfu ya watoto wachanga na wadogo wa Pemba walipewa vidonge kila siku: wengine vya chuma na asidi ya foliki, wengine vya zinki, wengine vyote kwa pamoja, wengine visivyo na kitu ndani. Palitarajiwa vizuie maradhi na vifo. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yakasimamishwa, kwa sababu watoto hao ndio waliokuwa wakilazwa au kufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Malaria wakati ule ilikuwa imejaa. Matokeo yalitoka 2006 kwenye jarida la tiba la Lancet, watoto zaidi ya 24,000 wakiwemo kwenye hesabu, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: penye malaria nyingi, chuma kisigaiwe kwa watoto wote bila kuangalia nani anakihitaji. Watoto wa nchi nyingi wanapewa au hawapewi kidonge leo kwa sababu ya kilichoonekana hapa kwetu.

Mdogo wangu kazaliwa 2001.

Asubuhi nikamuuliza mama. Alikuwa anachambua mchele. "Ee, walikuwa wakija watu na vidonge," akasema. "Mdogo wako akivipenda." Nikamuuliza walipewa majibu gani mwishowe. Akafikiri. "Majibu ya nini?"

Mdogo wangu yupo, anaendesha bodaboda Wete, mzima wa afya na mbishi. Simwandikii tanzia mtu. Na nisieleweke vibaya, maana najua baadhi yenu mtaruka hapo: utafiti ule ulikuwa na watu waliofuatilia kila mtoto kwa miezi na miezi, na ulikuwa na kamati iliyokaa juu yake yenye uwezo wa kusema basi, acheni. Ikasema. Sisi, kwa siku zetu 11, tulikuwa na begi la fomu na mie.

Lakini jibu la mama lilinikaa vibaya. Mgeni wa miaka 20 kutoka upande wa pili wa dunia anajua watoto wa Pemba walitoa nini. Mama wa mtoto hajui. Na majumbani, wakati ule, lazima palikuwa na vijana wa hapahapa waliobisha hodi, waliouliza kwa Kiswahili, waliokata maswali marefu jua likiwa kali. Watu kama mimi. Maswali yalipita kwao kwenda kijijini. Kurudi, njia ilikuwa wapi?

## Kadi

Siku ya pili baada ya bibi kunijia, nilikwenda kwa jirani yetu ambaye ni mhudumu wa afya wa kujitolea, hawa wa Jamii ni Afya wanaotembea nyumba kwa nyumba na simu. Kazi yake hasa ni wajawazito na watoto, lakini anakaa nyumba nne kutoka kwa bibi na mjukuu wa bibi yumo kwenye orodha yake. Nikamweleza. Nikamwambia bibi wa watu ana presha na hakuwa akijua.

Akaweka chini kikombe cha chai.

"Nani kasema hakuwa akijua? Yule ana kadi."

"Kadi ya nini?"

"Ya presha. Ya Wete. Mwaka wa tatu huu. Nyinyi mmepita hapa na Wazungu wenu, mmenipita mlangoni, mmesema hamjambo, mkaenda zenu. Ungeniuliza ningekwambia."

Tukaenda pamoja. Kadi ilikuwa kwenye kopo la biskuti, chini ya picha za arusi na risiti za karafuu za marehemu mume wake. Imeandikwa kila kitu: tarehe, namba, jina la kidonge. Namba ya mwanzo haikuwa mbali na ile ya karatasi ya uso unaocheka.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Uliniuliza kama naumwa."

"Na dawa?"

"Nilizimaliza."

Alisema hivyo kwa kujisifu kidogo, kama mtoto aliyemaliza sahani. Mhudumu akanitazama, nami nikamtazama. Alikuwa amezimaliza. Alipewa vidonge vya mwezi, akavinywa mpaka cha mwisho, hakuruka hata kimoja, akaona mwili mwepesi, akaweka kadi kwenye kopo. Kwani ndivyo tulivyofundishwa sote. Dawa ya malaria ni siku tatu, na ole wako usimalize. Dawa ya minyoo ni kidonge kimoja. Dawa ya kichocho ni siku moja, mbele ya mwalimu. Maisha yake yote kila aliyemletea kidonge alimwambia maliza dozi, naye alikuwa mtu wa kumaliza dozi. Huenda siku ile Wete alielezwa kwamba hii haina mwisho. Huenda alielezwa mbiombio, na foleni iko nyuma yake. Alichobakia nacho ni kile alichokijua tangu zamani.

Hapo sina Mzungu wa kumlaumu.

Tuliondoka alfajiri kwenda Wete, nauli nimetoa mimi kwenye fedha ileile. Muuguzi, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimkalisha bibi kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, akamwambia asiseme kitu, nami nikaambiwa ninyamaze pia. Dakika tano tumekaa kimya kama tuko msikitini. Kisha akamkunja mkono wa gauni mpaka juu, akauegemeza mkono mezani, akapima. Akangoja, akapima tena.

164 kwa 96.

"Iko juu," akasema, "lakini hiyo mliyoniletea ni ya mtu aliyebeba kuni, aliyekunja miguu, anayeongea, na nguo iko chini ya mkanda. Hiyo ni presha ya safari." Akacheka peke yake. Akamwandikia dawa, na akamweleza kwa muda ambao foleni haikuupenda: hii ni kama chumvi ya mchuzi, kila siku unapika, kila siku unatia. Bibi akamwambia yeye kaambiwa apunguze chumvi. Muuguzi akasema basi tutafute mfano mwengine.

Nawaeleza yote haya na bado sijafika ninapokwama. Nakwama hapa: bila ya karatasi ile, bibi asingekuja kwangu. Jirani yetu alikuwa akimkumbusha kuhusu kliniki mara kwa mara, yeye anasema inshaallah. Alikuja kutishwa na namba iliyopimwa vibaya, iliyoandikwa na mtoto asiye na ruhusa ya kumpima mtu, akaiamini kwa sababu ya uongo wangu. Na sasa anakunywa dawa. Jirani yangu huyo, nilipomwambia hivyo, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi mie miaka yote hii ningemchorea uso unaocheka." Hakuwa anacheka.

Hilo linaniuma zaidi kuliko ukuta wa skuli. Yeye anaanza kazi saa mbili asubuhi kwa miguu, anajua nani ana kadi na nani kaacha dawa, na hodi yake haina uzito kwa sababu kazaliwa hapa.

## Barua

Nilimwandikia yule binti. Ilinichukua siku mbili, maana nilikuwa natafuta namna ya kusema bila ya kumvunja, na kila nikiipata namna nagundua ni ileile ya kwanza, ya kumtilia neno kidogo kwenye sentensi. Mwisho nikaandika kavu. Kwamba mchoro wao una kosa, na kosa ni la swali langu, na kwa uchache mtu mmoja aliyehesabiwa kuwa hajui alikuwa na kadi, na wengine siwezi kuapa. Kwamba bibi hakuuliza kama ana bibi. Nikaliandika swali lenyewe, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza.

Siku tisa hakujibu. Nilikwisha jiambia kazi ya mwakani nimeipoteza.

Jibu lilipokuja lilikuwa refu, nami sitalimwaga lote hapa, ni lake. Alisema mchoro ule alishauonyesha darasani kwao na amemwomba mwalimu aurekebishe. Alisema siku tisa zote alikuwa na hasira na mimi, kisha na yeye mwenyewe, na bado hajui zimegawanyika vipi. Kuhusu swali: hapana. Kwao hawezi kumpima mgonjwa yeyote bila ya msimamizi kusimama juu yake, na hata hapo bado hajaruhusiwa. Hajapata kumpima bibi yake hata siku moja. Bibi yake ana mashine yake mwenyewe, ameinunua duka la dawa, anajipima asubuhi pale jikoni, anaandika namba kwenye kalenda, na daktari wake anazitazama.

Mwisho akaniomba nimpelekee bibi jibu hilo, na samahani yake.

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Bibi alikuwa barazani na ukili wake, kopo la biskuti ubavuni, vidonge ndani yake. Nikamwamkia, nikakaa. Nikamwambia kwamba siku ile aliuliza swali na mie sikulifikisha, nilifikisha jengine. Mikono yake ikasimama.

"Hukulifikisha?"

"Sikulifikisha, bibi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alivuta jani jengine la ukili, akalilainisha kwa ukucha, akanambia, "Haya, sasa lete jibu."

Nikampa lote, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kulipunguza. Kwamba yule mtoto haruhusiwi. Kwamba bibi yake anajipima mwenyewe, jikoni, kwa mashine ya dukani. Kwamba anaomba radhi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Samahani hakuigusa. Alikuwa amesimama kwenye neno la nyuma yake.

"Mashine yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe."

"Aliyonunua dukani, kama redio?"

"Ndiyo, bibi."

Akaanza tena kusuka. Akasuka kama shubiri moja hivi.

"Muulize kanunua bei gani."

Nikatoa simu. Nikaliandika kama alivyolisema.